Soli za Felista

Mtu mwenye tatizo la nyayo haji karakanani akasema anaumwa nyayo. Hilo lijueni mapema, ninyi mnaoanza kazi hii. Anakuja ameshika kiuno. Anakuja anasema goti linawaka moto akipanda kilima, au shingo inakaza akiamka, au nyonga moja inamnyima usingizi. Amekwisha kumeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo limechoka, amekandwa mgongo na kila mwenye mikono, na miguuni hakuna aliyetazama, kwa sababu miguu iko chini na ina vumbi.

Mimi nimetengeneza soli za ndani za viatu vya wagonjwa, pamoja na viatu vyenyewe, tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikawa nyeupe. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya hospitali, hapa Musoma, chumba kirefu chenye bati linalopiga kelele wakati wa mvua, harufu ya gundi, na vumbi la plasta lililotufanya sote tuonekane kama wapika maandazi. Siku hizi nimestaafu, nakaa Bweri, nafuga kuku na ninapanda mihogo. Mmoja wenu alinikuta njiani akaniomba niseme neno lolote kuhusu kazi. Neno lolote ni neno pana sana. Nimefikiri, nikaona nitawaambia habari za Felista na mama mkwe wake, maana mengi niliyoyajua kuhusu kazi hii yalikaa mahali pake siku zile.

Ila kwanza niwaeleze aliyenifundisha, kwa sababu bila yeye habari yenyewe isingekuwapo. Aliitwa mzee Magoti. Kwetu Mara ni jina la kawaida kabisa, lakini wageni walikuwa wakicheka wakisikia fundi wa nyayo anaitwa Magoti. Yeye hakuona shida. Alijibu, "Kwani kutoka unyayo mpaka goti kuna safari kubwa?"

Siku yangu ya kwanza hakunipa kisu wala gundi. Alinisimamisha peku sakafuni. "Laza nyayo zako kwa ndani," akasema. "Ziache zianguke." Nikaziangusha. "Tazama magoti." Yalikuwa yamegeuka, yanatazamana. "Sasa shika kiuno chako kwa nyuma." Kilikuwa kimejikunja, tumbo limesogea mbele. "Kaa hivyo hivyo mpaka nirudi."

Akaenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa naumwa mapaja na mgongo wa chini, na nilikuwa nimeanza kumchukia.

"Wewe umesimama muda wa kunywa chai tu," akasema. "Kuna watu wamesimama hivyo tangu utoto, na wanalima."

Jaribuni hapo mlipo, hata sasa hivi. Unyayo ukianguka ndani, muundi unazunguka nao, goti linafuata, paja linafuata, nyonga zinainama mbele, kiuno kinabana, na mabega yanajirudisha nyuma ili mtu asianguke kifudifudi. Mwili mzima unalipia kazi ambayo mguu umeshindwa kuifanya. Hayo mtayasoma vitabuni kwa majina marefu. Mimi niliyasoma kwa kusubiri mtu amalize chai.

Soli ya kwanza niliyotengeneza niliipandisha katikati kama kilima, nikidhani kwa kuwa unyayo umeshuka basi dawa ni kuusukuma juu kwa nguvu. Mzee Magoti aliigeuza mkononi, akaisifu, akaniambia niivae mwenyewe mpaka jioni. Kufika mchana nilikuwa natembea kwa kuvizia, kama mtu anayekanyaga vigae. Soli haiupigi mguu teke. Inaukaribisha tu, inauambia kaa hapa. Kisigino kikae kwenye kikombe chake, upinde wa unyayo upate mahali pa kuegemea, basi. Mengine mwili utayafanya wenyewe taratibu, na ukiuharakisha utakutafutia ugonjwa mwingine.

Na si kila unyayo bapa ni wa kutibu. Ukikuta mtu unyayo wake umelala kama chapati lakini anakimbia, anacheza ngoma, haumwi popote, mwache aende zake. Mzee Magoti tulipokwenda kliniki Bunda alipendaga kukaa kwenye benchi karibu na stendi akitazama watu wanavyotembea, akinijaribu. "Yule anaumwa wapi?" Siku moja nilimwona kijana anachechemea vibaya sana, nikaanza kueleza habari za nyonga na urefu wa mguu. Mzee Magoti akamwita, akamuuliza. Kijana akasema viatu ni vya kaka yake, vinambana, anawahi usaili. Tangu hapo nikajifunza kuuliza kabla ya kueleza.

Sasa Felista.

Alikuja kutoka kijiji kimoja upande wa Butiama, ameletwa kwetu na mtaalamu wa mazoezi tiba wa pale hospitalini, aliyekuwa amempima mgongo akaona tatizo linaanzia chini. Alikuwa mama wa watoto, mrefu, mkimya, na alitembea kama mtu anayebeba ndoo hata mikono ikiwa mitupu. Hakuja peke yake. Alikuja na mume wake, Magige, na mama mzazi wa Magige, Mama Wakuru. Mume alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Mama Wakuru ndiye aliyezungumza.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimekuja kusikia kwa masikio yangu mwenyewe. Huyu mke wa mwanangu akilima kidogo anakaa. Akichota maji anakaa. Ukimuuliza, kiuno. Kwetu pale hatujawahigi kuwa na mgonjwa wa kiuno. Mimi nimezaa, nimelima, nimebeba kuni, sijawahi kukaa chini mchana kweupe."

Felista alikuwa anatazama sakafu. Magige akasema kwa upole, na upole wenyewe ulinitisha, "Sista, mimi nataka kujua tu. Kama ni ugonjwa, tutibu. Kama si ugonjwa, basi nitampeleka kwao, wazee wakae, waseme."

Nyote mnajua maana ya mwanamke kurudishwa kwao ili wazee wakae. Wakati mwingine wanakaa na mambo yanakwisha. Wakati mwingine watoto wanabaki upande mmoja na mama upande mwingine.

Tulimpima. Tulikuwa na njia ya ndoo: mgonjwa anachovya miguu majini, anatembea juu ya saruji kavu, na saruji inakuonyesha. Mguu wenye upinde unaacha kisigino, ukingo wa nje, na vidole. Mguu wa Felista uliacha unyayo mzima, kama mtu aliyebandika mkate pale chini. Mzee Magoti akamsimamisha akamtazama kwa nyuma. Visigino vilikuwa vimeinamia ndani, na vidole vidogo vilichungulia upande wa nje, jambo ambalo kwa mtu aliyenyooka huwezi kuliona ukiwa nyuma yake. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja na ajiinue kwa vidole. Felista alijaribu, akashika ukuta, jasho likamtoka. Hakuweza.

"Huyu anaumwa," mzee Magoti akamwambia Magige. "Na si leo."

Mama Wakuru alikuwa ameinama anatazama alama za maji zinavyokauka. "Huo si ni unyayo tu," akasema. "Mbona hata wangu uko hivyo."

"Hebu tuuone, mama," mzee Magoti akasema.

"Mimi siumwi."

Akavuta miguu yake chini ya benchi. Alikuwa amevaa sandali nyeusi za raba, na kabla hajazificha niliona upande wa ndani wa kisigino umelika mpaka umekuwa mwembamba kama kisu. Nikamtazama mzee Magoti. Alikuwa ameona pia. Akaendelea kufuta sakafu.

Tukamchukua Felista vipimo kwa plasta. Siku hizi mna kile kioo cha kukanyaga, mgonjwa anasimama tu na picha inatokea kwenye kompyuta, ikiwa na rangi nyekundu mahali panapobeba uzito. Ni kitu kizuri, siwadanganyi, ningekipata ujana wangu ningeokoa mapafu yangu. Lakini plasta ilikulazimisha kushika mguu wa mtu mpaka ikauke, na ukishika mguu wa mtu kwa muda mrefu hivyo lazima mtazungumza. Wengi waliniambia mambo yao mguu ukiwa mikononi mwangu, ambayo daktari hakuambiwa. Felista alisema tu kwamba mikono yangu ni ya moto.

Soli zilipokuwa tayari tulizitia kwenye raba za kufunga kamba, zenye kisigino kigumu, maana soli ya ndani ikiwekwa kwenye kiatu legelege ni sawa na kuiweka juu ya godoro. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wengine wote. Leo vaa muda mfupi, kesho ongeza kidogo, misuli ijifunze. Usivae kandambili shambani. Asubuhi simama mbele ya ukuta, nyoosha nyuma ya miguu. Jifunze kuinuka kwa vidole, kwanza kwa miguu yote miwili. Mzee Magoti akamgeukia Magige. "Hii si dawa ya kumeza. Haitafanya kazi leo wala kesho. Mpe muda, na mpe viatu vyake."

Waliporudi mara ya kwanza, kama tulivyopanga, Felista alikuwa na sura nyingine. Alipanda ngazi ya karakana bila kushika ukuta. Magige ndiye aliyesimulia, anacheka, kwamba wamepalilia mihogo pamoja, na mke wake hakukaa. Tukafurahi. Kazi yetu ina furaha chache za namna hiyo, maana aliyepona harudi kukuambia.

Kisha wakarudi tena, kabla ya siku yao. Walikuwa wawili, bila mama. Felista alikuwa ameshika kiuno kama mwanzo, na Magige uso umefungwa.

"Imerudi palepale," akasema. "Na sasa hivi ni zaidi. Sista, mimi nimevumilia. Mama anasema alijua tangu mwanzo. Nimepita hapa ili nisiseme sikupita, lakini wiki hii nampeleka kwao."

Nikamwambia Felista avue viatu. Nikatoa soli, nikaenda nazo dirishani.

Soli yenye ngozi laini juu inahifadhi mguu kama unga uliokandwa unavyohifadhi mkono. Ukizoea unaisoma. Pale palikuwa na kisigino cha Felista katikati ya kikombe, na vidole vyake virefu vilivyonyooka. Halafu palikuwa na vidole vingine. Kidole gumba cha pili kiliishia nyuma ya kile cha kwanza, kimepinda kwenda kwa wenzake. Na upande wa ndani, pale tulipoweka egemeo la upinde, palikuwa pamekandamizwa na mtu mwingine mzito kuliko Felista, mpaka soli imelala. Soli ile haikuwa ya mguu wa mtu yeyote tena.

Nikampa mzee Magoti. Akaipitishia kidole gumba, akanirudishia.

"Baba," akamwambia Magige, "naomba ukaninunulie maji ya kunywa hapo nje, na wewe upate soda. Sisi tunapima."

Magige alipotoka, mzee Magoti akavuta kigoda akakaa chini kabisa, akawa chini ya Felista. "Viatu hivi unavaa peke yako?"

Felista aligeuka akatazama mlango aliotokea Magige.

"Siku za gulio," akasema hatimaye. "Na Jumapili kwenda misa. Baadaye na siku nyingine. Mama ananiomba nimwazime, anasema njiani kuna tope."

"Tope?" nikasema. Ilikuwa kiangazi, barabara zote zilikuwa vumbi tupu.

Akatabasamu kidogo. "Na mimi nilijua hakuna tope, Sista. Siku ya kwanza alivyorudi gulioni nilimwona anaingia uani. Alikuwa hajajishika kiuno kwa nyuma. Mama kila siku akirudi anajishikaga nyuma, anadhani hatuoni. Nikasema moyoni, acha avae."

"Na wewe?"

"Mimi navaa kandambili. Siku zake zikawa nyingi, zangu zikawa chache. Halafu hata nikizivaa zikawa hazinisaidii, zinanichoma."

"Kwa nini hukumwambia mume wako?" nikamuuliza. "Anataka kukurudisha kwenu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Ningesema nini? Nimwambie mama yako anaumwa, na mwenyewe anasema haumwi? Nani angeniamini? Wangesema uvivu wangu nimeutafutia mwenzake."

Nilitaka kumfuata Magige pale nje nimwambie kila kitu. Nilikwisha simama. Mzee Magoti akanishika mkono. "Kaa. Aliyevaa hajasema. Tukisema sisi, yule mama hataweka mguu kwetu mpaka afe, na huyu atakaa naye nyumba moja akiwa amemuaibisha."

"Na akirudishwa kwao wiki hii?"

Magige alipoingia na maji, mzee Magoti alimwambia ukweli, ila hakuumaliza. "Soli zimelala, zimebeba uzito kuliko tulivyopanga. Tatizo liko kwenye soli, haliko kwa mke wako. Tunatengeneza nyingine. Tunakuja zahanati ya kwenu kliniki hivi karibuni. Njooni wote, na mama aje, tuwaelekeze wote wa nyumbani. Mpaka siku hiyo nakuomba usiende popote."

Magige aliyazungusha maji kwenye chupa. "Mpaka siku hiyo," akasema. "Baada ya hapo, mzee, usiniombe tena."

Siku zile za kusubiri sikuzipenda. Nilitengeneza soli za Felista upya, mara mbili nikazitupa. Nilikuwa naogopa kwamba Mama Wakuru hatakuja.

Alikuja. Kliniki ilikuwa kwenye baraza ya zahanati, watu wamejaa, na yeye alikaa mwisho wa benchi amevaa zile sandali zake, miguu ameikunja nyuma. Mzee Magoti alijishughulisha na watu wengine, akaniachia. Kulikuwa na chumba kidogo cha akiba, chenye maboksi na kitanda cha kupimia. Nikamwomba Mama Wakuru anisaidie kubeba ndoo, tukaingia, nikafunga mlango.

Sikujua nianze vipi. Nikatoa zile soli za zamani za Felista, nikaziweka juu ya kitanda, upande wa dirisha.

"Mama, soli zinashikaga alama," nikamwambia.

Aliinama. Alizitazama kwa muda mrefu sana. Nje mtoto alikuwa analia anapimwa. Halafu akanyoosha mkono, akagusa ile alama ya kidole kilichopinda.

"Hiki ni changu," akasema.

"Ndiyo."

Akakaa kwenye boksi. Nikakaa chini sakafuni, nikaanza kumvua sandali, na hakunizuia. Miguu ilikuwa imevimba kwa ndani, chini ya kifundo, pale mshipa unaoubeba upinde unapopita. Nilipobonyeza kidogo tu alishika ukingo wa boksi.

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya Magige," akasema. "Tulikuwa tunachota maji mbali. Nikasema kiuno. Mama mkwe wangu akasema kila mtu ana kiuno. Nikanyamaza. Nilidhani ndivyo ilivyo, kwamba kila mtu anaumwa na anajikaza, na anayesema ndiye mvivu. Alipokuja huyu, akisema tu kiuno, nilikasirika. Nikasema, kwani yeye ni nani asijikaze?" Akazigeukia zile soli. "Halafu siku moja nikavaa viatu vyake. Nilivaa kwa dharau, nione huo ujinga wa mjini. Nikafika gulioni, nikarudi, nikajiuliza mbona nimefika bila kujishika kiuno."

"Tutakutengenezea zako mwenyewe, mama. Hizi si za mguu wako, zinakusaidia leo na kesho zitakuumiza, na yeye zimemuumiza tayari."

"Magige atauliza ni za nini."

"Sitamwambia."

"Najua hutamwambia." Alikuwa anatazama miguu yake mikononi mwangu. "Anampeleka kwao Jumamosi. Unajua?"

"Najua."

Alinyanyuka peku, akafungua mlango, akatoka kwenye baraza. Nilimfuata nikidhani anaondoka. Akaenda mpaka alipokaa Magige na Felista, akasimama mbele ya mwanawe, na watu wa benchi lile wakageuka kutazama, maana mama mtu mzima kusimama peku mbele ya mwanawe si jambo la kawaida.

"Magige," akasema. "Mke wako ugonjwa haukumrudia. Nilimrudishia mimi. Viatu vyake navaa mimi."

Magige alisimama. "Unavaa vya nini, mama?"

"Naumwa."

Neno lenyewe lilikuwa hilo moja. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la kijiji anakotoka. Magige alitazama chini, kwenye miguu ya mama yake, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama.

"Mama, miaka yote hii mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angelima?"

Felista alikuwa amekwisha ondoka kwenye benchi. Alipita nyuma yao, akaingia kwenye kile chumba cha akiba, akarudi na sandali za mama mkwe wake, akaziweka chini mbele ya miguu yake, zimetazama mbele, tayari kuvaliwa. Mama Wakuru aliweka mkono kwenye bega la Felista ili azivae, na alipomaliza kuvaa, mkono uliendelea kukaa pale.

Ile safari ya Jumamosi haikufanyika. Hayo mengine waliyosemezana nyumbani sikuyajua na sikuyauliza.

Tulimtengenezea Mama Wakuru soli tofauti kabisa na za Felista, na hapa nawaomba mnisikilize kama mafundi. Mguu wa kijana unaweza kuurudisha. Mguu wa mtu mzima, uliokaa hivyo maisha yote, huwezi kuunyoosha, na ukijaribu utaivunja amani ya goti na nyonga ambazo zimekwisha jizoesha. Unachofanya ni kuushika usizidi kuanguka. Tukatumia sponji laini, egemeo la chini, kisigino kimeinuliwa kidogo upande wa ndani. Tukamtafutia viatu vipana vyenye nafasi ya kile kidole kilichopinda. Mtaalamu wa mazoezi tiba alimpa mazoezi, akasema maumivu mengine hayatakwisha, yatapungua tu, na Mama Wakuru akasema kupungua kunatosha. Siku hizi nasikia vijana wanawaahidi watu kwamba soli itawaondolea kila kitu, kuanzia kichwa mpaka sukari. Msiahidi hivyo. Mtu akipungukiwa na maumivu aliyoyabeba miaka mingi, si jambo dogo, halihitaji kuongezewa chumvi.

Tuliporudi kliniki ile, baada ya Mama Wakuru kuzizoea soli zake kidogo kidogo kama tulivyomwelekeza, walikuja wote watatu. Felista alikuwa na zake mpya, na alipojaribu kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja aliinuka, akashuka, akaniangalia, akainuka tena. Mzee Magoti akamwomba Mama Wakuru atembee kwenye baraza tumwone kwa nyuma.

Alikwenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Hatua zilikuwa bado nzito, ni mtu mzima, lakini visigino vilikuwa vinatua sawa, na mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia huru. Alifika mbele yetu akasimama. Akaitazama miguu yake.

"Kumbe watu wengine mnatembeaga hivi," akasema.

Magige alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Wakuru hakusubiri jibu. Aligeuka, akatembea tena mpaka mwisho wa baraza, akashuka ngazi moja ya baraza, akaendelea.